Kuzamisha GPS ya kubebeka ndani ya dashibodi ya Toyota

Magari mengi yanayoingia Uganda kutoka Japani huja na skrini pana katikati ya dashibodi ambayo hapa haimfai mtu kitu. Ramani zake ni za Japani peke yake, redio yake inakomea 90 MHz wakati stesheni za Kampala zimepangana hadi 108, na ukichomoa betri ya gari mara moja tu, nyingi hujifunga na kudai namba ya ERC, yaani namba ya siri ya kuifungua. Mwenye gari hununua GPS ya kubebeka, mara nyingi Garmin, akaibandika kwenye kioo cha mbele kwa kile kikombe cha mpira. Gari likipiga matuta mawili, imeanguka miguuni.

Haya ni maelezo ya kuiweka GPS hiyo ndani ya dashibodi yenyewe, ikae sawa na paneli kana kwamba imetoka nayo kiwandani. Tumelenga Toyota za mtumba kama Premio, Wish na Noah. Mwenye lori la Fuso au Isuzu asome kwa makini sehemu ya umeme, maana lori lake ni la volti 24.

Sharti moja linaamua mengine yote: kifaa lazima kitoke kwa mkono, bila bisibisi. Fundi akitaka kukigandisha kwa gundi au kukifungia nyuma ya paneli ili kazi ionekane safi, mkatalie. Ndani ya GPS mna betri ya lithiamu, na betri za aina hiyo kwa kawaida hazitakiwi kuchajiwa joto likipita nyuzi 45. Dashibodi ya gari lililofungwa vioo na kuachwa juani hupita nyuzi 60 bila shida. Betri iliyofungiwa humo huvimba, huisukuma skrini kutoka nyuma, na siku moja unakuta kioo kimeinuka pembeni. Kifaa kinachotoka unakitia mfukoni unapoegesha gari, na mwizi hana cha kuvunjia dirisha.

Chagua kifaa kabla ya kuchagua mahali

Pima kifaa chako kwa kalipa au rula nzuri: urefu, kimo, unene, halafu unene pamoja na plagi ikiwa imechomekwa. Kipimo hicho cha mwisho ndicho watu husahau. Garmin nuvi 50, yenye skrini ya inchi 5, ina takriban milimita 137 kwa 83 kwa 15. Plagi yake inaingia kwa nyuma, kwa hiyo tenga angalau milimita 45 za kina, na hata hizo zinatosha tu kama plagi ina kona kama ile ya asili. Plagi iliyonyooka inadai zaidi.

Tundu la redio la ghorofa mbili ni milimita 180 kwa 100, na katika Toyota nyingi za Japani upana wake hufika 200. Kifaa cha kimo cha milimita 83 kinaingia humo na kubakiza kama milimita 8 juu na 8 chini. Ila ujue gharama yake: redio ya ghorofa moja ina kimo cha milimita 50, hivyo viwili hivyo havikai pamoja katika tundu moja, hata fundi akikuapia. Redio itahamia kwenye kijaluba kilicho chini ya vitufe vya kipoza hewa, kama gari lako linacho na kina upana wa 180. Kama hakina, utatafuta amplifaya ndogo ya bluetooth isiyo na uso na kuificha nyuma ya sanduku la glavu.

Baadhi ya magari yana kisanduku chenye kifuniko juu kabisa ya dashibodi, katikati. Kwa antena, hapo ndipo bora kuliko pote. Kwa joto, ndipo pabaya kuliko pote. Ukiwa na uhakika kwamba utakitoa kifaa kila unapoegesha, patumie.

Usiguse upande wa abiria juu ya dashibodi palipoandikwa SRS. Chini yake umelala mfuko wa hewa. Waya na soketi zake ni za manjano, na waya wa manjano wa namna hiyo hautobolewi, haupimwi kwa mita wala haukatwi.

Kuhusu kifaa chenyewe, kagua mambo matatu kabla ya kulipa. Kwanza, tarehe: hesabu ya wiki ya GPS hurudi sifuri kila baada ya wiki 1024, na mara ya mwisho ilikuwa tarehe 6 Aprili 2019. Kifaa cha zamani kisichosasishwa kinaweza kuonyesha mwaka usio sahihi na muda wa kufika usioeleweka. Pili, aina ya skrini. Za zamani huhisi mgandamizo, kwa hiyo hata ukingo wa fremu ukizigusa zinadhani ni kidole. Za karibuni huhisi ngozi. Tatu, tundu la kadi ya microSD liko upande gani, kwa sababu utalihitaji kwa ajili ya ramani.

Jaribio la tepu

Kabla ya kukata chochote, shikilia kifaa mahali unapopataka kwa tepu ya karatasi na uendeshe hivyo siku mbili. Geuza uso wake uelekee kwa dereva, yaani kulia, kiasi cha nyuzi 10 hadi 15. Angalia saa sita mchana kama jua linapiga kwenye skrini, kisha usiku kama mwanga wake unaakisi kwenye kioo cha mbele.

Kwenye Garmin nyingi za nuvi, ukibonyeza na kushikilia vijiti vya mawimbi, ukurasa wa setilaiti hufunguka. Setilaiti nne ndizo za chini kabisa kupata mahali na mwinuko. Wewe tafuta saba au zaidi zenye vijiti vilivyojaa, na usahihi wa mita 10 au chini. Mawimbi haya husafiri zaidi ya kilomita 20,000 na yanafika yakiwa dhaifu mno. Plastiki hayaioni, lakini bati yanaishia hapo. Mabano ya chuma yaliyoshika redio ya zamani ndiyo adui mkubwa. Yanayobaki juu ya kifaa yatoe au yakate. Yaliyo chini na pembeni hayana neno.

Fanya jaribio hili mchana. Ukanda wa ikweta una kasoro yake: baada ya jua kuzama, hasa miezi ya Machi, Aprili, Septemba na Oktoba, anga la juu huvurugika na mawimbi ya setilaiti huyumba kwa saa kadhaa. Mtu anayepima saa mbili usiku anaweza kulaumu dashibodi bure.

Kama mahali unapopapenda hapapati setilaiti, na kifaa chako ni cha zamani chenye kitundu cha antena ya nje ya MCX, nunua antena hiyo na kuilaza chini ya kioo cha mbele, nyuma ya grili ya hewa. Kama hakina kitundu, hamisha mahali. Hakuna dawa ya tatu.

Paneli

Usikate paneli ya gari lako. Nenda Kisekka, soko la vipuri la Kampala, ukatafute nyingine ya mtumba. Muuzaji atakuuliza namba ya bodi, kwa mfano ZZT240 kwa Premio, kwa hiyo ichukue kwenye bamba lililo ndani ya boneti kabla hujatoka nyumbani. Ya asili ifunge kwenye kaveera (mfuko wa plastiki) na uihifadhi. Siku ya kuuza gari utaihitaji.

Geuza paneli na usome alama nyuma yake. Ikiandikwa >ABS<, gundi ya epoksi ya mirija miwili inashika vizuri ukiisugua kwanza kwa msasa namba 120. Ikiandikwa >PP<, gundi hiyo itabanduka kama gamba baada ya wiki chache za jua, na hapo unategemea skrubu ndogo za milimita 3 na bano za nyuma. Kazi nyingi zinazoachia baada ya mwezi zimeachia kwa sababu hakuna aliyesoma alama hii.

Kuitoa paneli ya gari: fungua waya hasi wa betri kwa spana namba 10 na usubiri sekunde 90 ili umeme wa mfuko wa hewa uishe. Kama redio ya Kijapani inabaki kazini na huna namba yake ya ERC, tatua hilo kwanza, ama sivyo utaunganisha betri na kukuta redio imekufa. Funga bisibisi bapa kwa kitambaa, inua paneli kutoka pembe ya chini, na usikilize klipu zikiachia moja moja. Usiivute kwa nguvu mpaka uchomoe soketi za swichi ya taa za dharura na za kipoza hewa. Nyaya zake ni fupi. Redio yenyewe kwa kawaida imeshikwa na bolti nne za namba 10.

Kitanda cha kifaa

Njia rahisi na imara ni kutumia kishikio cha asili cha GPS. Kata mkono wake unaokwenda kwenye kikombe cha mpira, bakiza kile kitako ambacho kifaa kinaingia kwa mlio wa "ta!", kisha kifunge kwa skrubu kwenye ubao wa plastiki wa milimita 3 nyuma ya paneli. Kitufe cha kuachia kifaa huwa juu ya kitako, hivyo chonga nafasi ya kidole juu yake, upana wa milimita 20. Hakikisha skrubu hazitokezi upande wa kifaa.

Anayetaka kitanda cha faiba kilichokumbatia kifaa kizima asimimine resini juu ya GPS yenyewe, hata akiifunga kwa tabaka ngapi. Resini ya polyesta ina stairini, na stairini hula plastiki. Chonga kipande cha mbao chenye umbo la kifaa, kikubwa kwa milimita 2 kila upande, kifunge kwa kaveera iliyonyooshwa, halafu tandaza tabaka mbili au tatu za mkeka wa faiba. Kwa gramu 100 za resini tia gramu 1 hadi 1.5 za kigandishi. Kwenye joto la mchana wa Kampala, gramu 2 zitaigandisha ukiwa bado unatandaza, na itapasuka ikipoa. Subiri saa 24 kabla ya kuunganisha kitanda na paneli.

Fremu ya mbele ikate kwa msumeno mwembamba ndani ya mstari, kisha malizia kwa tupa. Acha uwazi wa milimita 1 kuzunguka kifaa chote na uweke utepe mwembamba wa kitambaa laini ukingoni. Uwazi huo ni kwa ajili ya skrini za mgandamizo tulizotaja, na pia kwa sababu plastiki hupanuka juani: kinachoingia kwa raha saa moja asubuhi kinaweza kukataa kutoka saa nane mchana.

Toboa matundu ya milimita 6, sita chini ya kitanda na sita juu, ili hewa ipande. Spika ya nuvi iko mgongoni. Bila matundu sauti itatoka kama ya mtu aliyefunikwa blanketi. Kama mfereji wa hewa ya kipoza unapita karibu, usiuzibe, maana hewa hiyo inamsaidia mgonjwa wako.

Puti, msasa 180, puti tena, 320, praima ya plastiki, 600, halafu rangi nyeusi isiyong'aa, mikono mitatu myembamba kwa kuachana dakika 10 hadi 15. Rangi inayong'aa ni kosa: itaakisi kwenye kioo cha mbele kila saa ya jua.

Umeme

GPS inataka volti 5 na takriban ampea 1. Kwa upande wa gari hiyo ni kama nusu ampea kwenye volti 12. Ni mzigo mdogo, na udogo huo ndio unaowafanya watu waunganishe popote. Ukiiunganisha kwenye waya usiozimika, nusu ampea kwa saa 24 ni ampea-saa 12. Betri ya ampea-saa 45 isiyo mpya haitawasha gari baada ya siku mbili au tatu za kuegeshwa.

Nyuma ya redio za Toyota kuna soketi ya pini 10. Waya wa kijivu ni wa ACC, unapata umeme ufunguo ukiwa hatua ya kwanza; wa bluu wenye mstari wa manjano una umeme saa zote; wa kahawia ni hasi; wa kijani huamka na taa ndogo. Wewe unataka wa kijivu na wa kahawia. Gari la mtumba limepitia mikono mingi, kwa hivyo thibitisha kwa mita: wa kijivu usome sifuri ufunguo ukiwa nje, volti 12 na kitu ufunguo ukiwa ACC, na karibu 14 injini ikinguruma. Usikate waya kabla ya kuona namba hizo tatu.

Namna ya kushusha volti: nunua tundu la kike la kuwashia sigara, lifunge nyuma ya dashibodi, na uchomeke humo chaja ya asili ya kifaa. Inaonekana kama njia ya mvivu, lakini ndiyo tunayoipendekeza. Waya wa asili wa nuvi una kizuizi kidogo ndani ya plagi, kati ya pini ya nne na ya tano, kinachoiambia GPS kwamba imechomekwa garini. Ukitumia waya wa kawaida wa mini-USB, vifaa vingi huonyesha picha ya kompyuta na kukataa kuongoza njia. Watu wamerudisha GPS nzima dukani kwa sababu hiyo. Ukishachomeka, zungushia tepu na ufunge kwa nailoni ya kubania, la sivyo barabara ya marramu itaichomoa.

Vibodi vidogo vya kushushia volti vyenye skrubu ya kurekebisha, vile vya LM2596, vinafanya kazi pia na vinavumilia volti 24. Hatari yake ni ile skrubu: mtikisiko huizungusha polepole, volti hupanda, na kifaa huungua. Ukilazimika kukitumia, kirekebishe kwenye volti 5.1 kabla ya kuunganisha GPS, halafu idondoshee skrubu rangi ya kucha ili isisogee. Mwenye lori asome maandishi ya chaja: iwe imeandikwa 12–24V. Chaja ya 12 peke yake kwenye Fuso haimalizi safari ya kwanza.

Waya wa milimita mraba 0.75 unatosha. Fyuzi ya ampea 2 ikae ndani ya sentimita 15 kutoka pale ulipochukulia umeme, kwa sababu inalinda waya, na kipande kilicho kabla ya fyuzi hakilindwi na kitu. Ungia kwa lehemu na ufunike kwa mpira unaonywea kwa joto. Vile vibanio vya kung'ata waya bila kuuchuna ni vya haraka, ila hukata nyuzi za ndani na kulegea kwa mitikisiko. Hasi ifunge kwenye waya wa kahawia au bolti ya chuma kitupu, kamwe si kwenye skrubu iliyoingia plastiki.

Kabla ya kurudisha paneli, washa kila kitu: taa, kipoza hewa, vifuta kioo, redio. Redio ikivuma kwenye stesheni dhaifu GPS inapochaji, chaja ndiyo inayopiga kelele. Sogeza waya wake mbali na waya wa antena ya redio, na kama una kile kiboksi cha kubadili masafa ya redio za Kijapani, kiweke upande wa pili kabisa. Isipotulia, badilisha chaja.

Matatizo yanayorudi gereji

Skrini inayobonyezeka yenyewe ni fremu inayogusa ukingo. Ongeza uwazi kwa tupa. Kifaa kinachozimika barabarani na kuwaka kikisimama kina plagi iliyolegea: funga waya sentimita 2 kutoka kwenye plagi ili uzito wake usining'inie kwenye tundu. Tundu la mini-USB likishang'oka ndani, kazi yake ni ya fundi wa simu mwenye mkono mwepesi. Mshale unaoruka kwenye barabara ya pembeni ukiwa katikati ya maghorofa ya Kampala ni jambo la kawaida, lakini ukiruka hata kwenye Expressway ya Entebbe chini ya anga tupu, kuna bati uliloliacha juu ya kifaa.

Kifaa kikikuhesabia sekunde za kuzima unapopiga stata, usihangaike. ACC hukatika kidogo wakati wa stata na betri yake ya ndani inashikilia. Kikizimika ghafla bila kuhesabu, betri hiyo imechoka.

Ramani

Ramani za OpenStreetMap za Uganda hupatikana bure katika muundo wa Garmin. Faili iitwayo gmapsupp.img huwekwa ndani ya folda ya Garmin kwenye kadi ya microSD iliyoumbizwa FAT32. Kadi isiyozidi GB 32 haina usumbufu. Barabara za Kampala zimo kwa undani, na makazi ya wakimbizi ya kaskazini, Bidi Bidi kwa mfano, yamechorwa hadi vichochoro. Namba za nyumba ni chache, hivyo zoea kuhifadhi mahali kwa viwianishi: Kampala iko takriban nyuzi 0 dakika 19 kaskazini, nyuzi 32 dakika 35 mashariki. Ukipita Kayabwe kwenye barabara ya Masaka, latitudo isome sifuri kwenye alama ya ikweta au karibu nayo sana.

Mwisho, chonga kifuniko. Kipande cha ABS chenye kimo na urefu wa kifaa, kilichopakwa rangi ileile, na kilichogundishwa kwa nyuma kibano kinachoingia kwenye kitako. Ukitoa GPS unabandika kifuniko, na mpita njia anayechungulia dirishani haoni shimo la kumwambia kwamba kuna kitu mfukoni mwako au chini ya kiti.